Ndege Saba wa Nambunda: Wasifu wa Marehemu Yustina Kasiani Chilumba

Kabla udongo haujamfunika, sisi tuliokusanyika hapa Mahurunga leo, Jumamosi ya tarehe 15 Juni 2024, tunaombwa tumsikilize Yustina Kasiani Chilumba kwa mara ya mwisho. Tunasema tumsikilize kwa sababu sehemu ya wasifu huu ameiagiza mwenyewe. Akiwa kitandani nyumbani kwake Naliendele alimwita Esta, mtoto wa dada yake, akamwambia: “Mkiniandika, andikeni mnavyotaka. Semeni nilikuwa mpole, hata kama sikuwa. Lakini jambo la ndege wa Nambunda lisomwe lote, na jina la Anold lirudi mahali pake. Lisiposomwa, msinifukie.” Waliomfahamu wanajua kwamba hakuwa mtu wa mzaha katika mambo ya kazi. Anold ni mumewe, ndiye yule aliyekaa mbele karibu na jeneza. Wengi wenu mmezoea kumwita Miwani. Jina hilo lina historia yake, na marehemu hakutaka kuondoka kabla ya kulifuta.

Yustina alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 hapahapa Mahurunga, mtoto wa nne wa mzee Kasiani Chilumba na mama Anjelina, ambao wote wametangulia. Wazazi wake walikuwa wakulima wa mihogo na mikorosho, na bondeni kuelekea Ruvuma walikuwa na shamba la mpunga. Tangu akiwa mdogo alipewa kazi ya kuamia ndege, na kazi hiyo ilimshinda. Mama yake alikuwa akimsimulia kila aliyekuja kumchumbia mmoja wa binti zake: siku moja alikuta mpunga umeliwa upande mzima, mtoto amekaa juu ya dungu anatazama, manati iko mapajani. Alipoulizwa ndege walikula vipi na yeye yupo, Yustina alijibu kwamba waliokula walikuwa wa aina mbili, na wale wa pili walikuja baadaye. Alichapwa, lakini akiwa analia bado alikuwa anaeleza tofauti.

Alianza Shule ya Msingi Mahurunga mwaka 1969. Ilikuwa miaka ya vita ng'ambo ya mto, na kuna vipindi familia zilisogea mbali na kingo kwa hofu ya mabomu, masomo yakakatika. Hata hivyo alimaliza darasa la saba mwaka 1975 na kuchaguliwa kwenda Shule ya Sekondari ya Wasichana Masasi, akahitimu kidato cha nne mwaka 1979. Mwaka 1981 alijiunga na chuo cha wanyamapori Pasiansi, Mwanza. Alisafiri kutoka baharini hadi ziwani akiwa na sanduku la bati na furushi la korosho, na kwa maneno yake mwenyewe, alilia hadi Dodoma, kisha akachoka akaanza kutazama dirishani.

Huko chuoni kulikuwa na kitabu kimoja tu cha ndege wa majini chenye picha za rangi, nacho kilitoka Ulaya. Mkufunzi alikipenda sana. Wanafunzi walikaririshwa namna ya kuwatofautisha batamaji, wale ndege wakubwa weupe wenye shingo ndefu ambao huku kwetu hawafiki: huyu ana doa la njano kwenye mdomo linalochongoka hadi kupita tundu la pua, yule doa lake ni dogo na linaishia juu, mwingine mdomo wake ni wa rangi ya chungwa na una kinundu cheusi. Likaja swali kwenye mtihani, na Yustina akawa wa kwanza darasani. Miaka yote ya utumishi wake, mwindaji aliponung'unika kwamba bata wanafanana, alimkatiza: “Mimi nimefaulu mtihani wa ndege ambaye sijamwona mpaka leo. Wewe utafelije ndege anayelala kwenye mpunga wa mama mkwe wako?”

Aliajiriwa mwaka 1983, akaanzia Lindi. Mwaka 1988 alihamishiwa Mtwara, na huku alikaa hadi alipostaafu mwezi Machi 2021. Alifanya kazi nyingi ambazo hazikumpa jina: kufukuza viboko kwenye mashamba, kupatanisha wafugaji na wakulima, kuandika taarifa ambazo hakujua nani anazisoma. Jina alilipata Nambunda, katika lile bwawa la matete lililo nyuma ya mikoko, ambako vijiji vyetu viliruhusiwa kuwinda ndege kwa msimu na kwa kibali.

Ni vizuri walio wageni waelewe kazi ile ilivyokuwa. Nambunda huja bata mwitu wa aina mbili wanaopiga mluzi, wenye miguu mirefu, wanaolingana umbo na wanaoruka kwa kundi moja. Wa kwanza ana uso mweupe, nao ni wengi. Wa pili ni wa kahawia mwili mzima, nao walikuwa wamepungua sana katika bwawa letu. Kibali kiliruhusu wa uso mweupe na kukataza wa kahawia kabisa. Aliyempiga wa kahawia alinyang'anywa kibali, bwawa likafungwa kwa msimu uliobaki, na mwongozaji aliyemwonyesha ndege yule alipoteza leseni moja kwa moja. Kila kundi la wawindaji lilikuwa na mwongozaji, na jioni au asubuhi ndege wote walipita mezani kwa mkaguzi. Mkaguzi ni Yustina, na meza ni mlango mkuukuu uliolazwa juu ya mapipa mawili.

Alichowafundisha waongozaji wote ni kwamba uso unadanganya. Alfajiri kuna ukungu, ndege ana tope, na makinda ya uso mweupe hayazaliwi na weupe huo. Uso wao huwa wa rangi ya majani makavu kwa miezi kadhaa, na ukiwatazama usoni utaapa ni wale wa kahawia. Kwa hiyo subiri ndege akupe mgongo. Wa kahawia ana mstari mweupe uliopinda juu ya mkia, unaonekana hata kwa mbali. Wa uso mweupe, mkubwa au mdogo, ni mweusi mgongoni hadi mwisho. Wawindaji wetu wengi ni Waislamu, na ndege akianguka ni lazima achinjwe haraka, damu ikamwagika usoni na shingoni. Yustina hakugombana na dini ya mtu. Alikaa na masheikh wa Mikindani na wazee wa vijiji wakakubaliana: ndege achinjwe, kichwa kibaki kinaning'inia kwa ngozi, na mkia usiguswe mpaka umepita mezani. Ndiyo maana watu wakamwita Mama Mkia, na yeye akaitika bila shida. Hata padri aliyemzika mama yake alimwita hivyo madhabahuni kwa kupitiwa, kanisa zima likaangua kicheko siku ya msiba.

Anold Chipande alikuja kufanya mtihani wa uongozaji mwaka 1989, kijana wa Kilambo, mrefu, mwenye aibu ya uongo. Yustina alimwekea ndege waliokaushwa, wengine amewafunika vichwa kwa kitambaa. Anold akafeli. Akarudi mwezi uliofuata, akafeli tena, tena kwa makosa ambayo hata mpishi wa kituo asingeyafanya. Yustina alipomsimulia mama yake kuhusu kijana mzito wa Kilambo, mama Anjelina alicheka mpaka akakaa chini. “Huyo si mzito,” alisema. “Huyo anatafuta sababu ya kurudi.” Mara ya tatu Yustina alimwambia usoni: “Ukifeli leo, sikupi nafasi nyingine, ya ndege wala ya kitu kingine.” Anold akataja ndege wote bila kukosea hata mmoja, na wale waliofunikwa akawataja kabla hajawageuza. Walifunga ndoa tarehe 24 Novemba 1990 katika Kanisa Katoliki Mtwara mjini. Mungu aliwajalia watoto wawili, Fidea na Tadei.

Kwa miaka ishirini mume alikuwa mwongozaji na mke alikuwa mkaguzi. Maneno hayakukosekana. Ndege wa Anold wakipita mezani, kulikuwa na mtu wa kukohoa. Ndege wa mwingine wakikataliwa, kulikuwa na mtu wa kusema kwamba wa nyumbani wasingekataliwa. Yustina alijitahidi kuyaziba masikio, ila alizidi kuwa mkali kwa mumewe kuliko kwa mtu yeyote. Aliwageuza ndege wake mara mbili mbili. Anold alivumilia, akawa anatania kwamba hata mboga ya nyumbani inakaguliwa kabla ya kuingia chunguni.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo marehemu aliagiza lisomwe.

Siku ya Jumamosi tarehe 16 Julai 2011, Anold alimwongoza mzee Sajjad Valimohamed, mfanyabiashara wa Mikindani ambaye alikuwa akiwinda naye kila msimu. Binti wa mzee Sajjad, Insiya, alikuwa anaolewa wiki ile, nyumba imejaa wageni, na mzee alitaka kurudi mapema. Walipata bata saba. Wakawachinja palepale majini, wakafika mezani. Mkaguzi hayupo. Pikipiki ya Yustina ilikuwa imepata pancha njiani, naye alikuwa anaisukuma kwenye mchanga. Jua likapanda, mzee Sajjad akawa anatazama saa, na Anold akafanya jambo ambalo asingelifanya mbele ya mkaguzi mwingine yeyote. Akakaa akaanza kuwanyonyoa manyoya, na kama tunavyonyonyoa huku kwetu, akaanzia nyuma. Yustina alipofika ameloa jasho, ndege wote saba walikuwa hawana mikia, na migongo na mbavu zilikuwa nyeupe za ngozi tupu. Kilichobaki ni vichwa, na nyuso zilikuwa za rangi ya majani makavu.

“Mikia iko wapi?” aliuliza.

“Nimenyonyoa,” alisema Anold. “Hawa ni makinda ya uso mweupe, Mama Fidea. Nimewaona wakiruka. Wamenipa mgongo wote saba, mweusi mpaka mwisho.”

“Na sheria ya mkia nani aliivunja?”

“Mzee ana wageni. Halafu mkaguzi ni wewe.”

Walikuwepo watu wengi pale: wawindaji wengine, waongozaji, akina mama wa mihogo ya kuchoma. Wote walisikia. Mzee Sajjad akaingilia: “Mama Mkia, mimi nilipiga alipoonyesha Anold. Huyu hajanidanganya hata siku moja.” Yustina aliviinamia vile vichwa. Alikuwa anahesabu kichwani. Makinda huanguliwa mvua zikianza, na kufikia katikati ya Julai kila mwaka aliokuwa Nambunda nyuso zao zilikuwa zimeshakuwa nyeupe. Hivyo ndivyo alivyofundisha, na hivyo ndivyo waongozaji wote pale walivyojua. “Leo ni tarehe kumi na sita Julai,” alisema kwa sauti ya wote kusikia. “Kinda gani bado hana uso?” Jibu lake wote pale walikuwa wamefundishwa na yeye.

Manyoya yaliyonyonyolewa yalikuwa yamepeperushwa yakaenda na maji. Angeweza kusubiri afisa mwingine aitwe kutoka mjini. Baadaye alisema wazi kwamba hakusubiri kwa sababu aliona macho ya watu, akaogopa kusemwa amefumba macho kwa ajili ya chungu cha nyumbani kwake. Akaandika kwamba ndege saba ni wa kahawia. Bwawa likafungwa. Mzee Sajjad alinyang'anywa kibali cha msimu ule, akarudishiwa msimu uliofuata. Leseni ya Anold ilifutwa kabisa.

Jioni ile Anold alikula, akashukuru kwa chakula, akavua kitambulisho chake cha uongozaji akakiweka mbele ya mkewe. “Kipeleke wewe,” alisema. “Mimi sina safari ya mjini.” Hawakugombana, wala hakulala nje. Aliendelea kumwita Mama Fidea kwa sauti ileile. Alirudi kwenye mikorosho na mihogo, na Nambunda hakukanyaga tena, hata alipoalikwa kwenda kutazama tu.

Jina la Miwani lilizaliwa kwenye kijiwe cha bodaboda. Mwongozaji aliyeshindwa kumjua bata, wakasema, anunuliwe miwani. Mwanzoni lilikuwa la vijana, kisha likawa la watu wote, likaandikwa hadi kwenye kadi za michango ya harusi. Mwaka 2015, kwenye harusi ya jirani, mshereheshaji alimwita mbele akamvisha miwani mikubwa ya plastiki, ukumbi mzima ukacheka. Anold aliivaa, akacheza nayo wimbo mzima, akarudi kukaa. Yustina alikuwa amekaa meza moja naye. Alisema kwamba tangu siku ile hakupata kula pilau ya harusi kwa raha, na wakati huo bado aliamini kwamba aliamua kwa haki.

Mwaka 2022 mvua zilichelewa sana. Yustina alikuwa amestaafu, lakini aliombwa kwenda Nambunda kufundisha wakaguzi wapya mwanzoni mwa msimu. Ilikuwa tayari Julai. Kijana mmoja kati yao, Faraji, alinyoosha kidole kwenye matete akauliza yule ni yupi. Yustina akatazama uso, akasema wa kahawia. Ndege akaruka, akawapa mgongo. Mweusi mpaka mwisho. Wakaruka na wenzake, kundi zima la makinda yaliyochelewa kuanguliwa kwa sababu mvua zilichelewa, nyuso zote za rangi ya majani makavu, migongo yote myeusi. Faraji anasema mama yule alilitazama kundi lile mpaka likapotea nyuma ya mikoko. Kisha akawaambia: “Tuishie hapa. Andikeni kwamba mwalimu wenu amekosea.” Wao walidhani anazungumzia ndege wa siku ile. Yeye alikuwa amekumbuka kwamba mwaka 2011 pia mvua zilichelewa, watu wakapanda mpunga mara mbili, na hilo hakulihesabu.

Alirudi Naliendele akamkuta Anold uani anamenya mihogo. Akakaa kwenye kibao mbele yake.

“Anold, wale ndege wa mzee Sajjad.”

“Wale wameshaoza, Mama Fidea.”

“Walikuwa makinda ya uso mweupe.”

“Nilikwambia.”

“Uliniambia.”

Anold aliendelea kumenya. Baadaye alimwambia Esta kwamba hakuinua uso kwa sababu mkewe alikuwa analia, na katika ndoa yao yote alikuwa hajamwona akilia kwa jambo la kazi, akaona si heshima kumtazama.

Yustina alikwenda ofisini kuomba leseni irudishwe. Alipokelewa kwa adabu. “Mama, shauri lilishafungwa,” kijana aliyemhudumia alimwambia. “Leseni za zamani hizo hata mfumo hauzitambui.” Basi akaamua atasimama siku ya kufungua msimu uliofuata, mbele ya wawindaji wote, aseme kwa mdomo wake. Anold hakutaka. Alisema watu wameshacheka wakamaliza, na kulifukua ni kuwapa kicheko kipya. Walibishana hadi mwisho wa mwaka ule, na kila mmoja akabaki na lake.

Mwezi Februari 2023 Yustina alihisi uvimbe kwenye titi la kushoto. Alipelekwa hospitali mjini, kisha Dar es Salaam, akafanyiwa upasuaji na kuanza matibabu ya saratani. Msimu wa mwaka ule ulifunguliwa yeye akiwa wodini. Aliporudi Naliendele mwezi Septemba alikuwa amekonda, nywele zimemtoka, na Anold ndiye aliyemuuguza. Alimwogesha, alimkorogea uji, alimbeba kumtoa barazani jua likiwa dogo. Majirani ni mashahidi. Hatutaki kuyasema kwa maneno mengi.

Katika hali hiyo mgonjwa alilirudia jambo lake. Anold akamjibu hivi, naye Esta alikuwepo akisikia: “Ukisema sasa, watu watasema unanilipa kwa uji.”

Yustina akasema: “Basi litasomwa siku ambayo sinywi uji wa mtu. Nilipokuwa mkaguzi nilikuogopa kwa sababu ni mume wangu. Nikisema nikiwa hai watasema nakupendelea kwa sababu ni mume wangu. Nikiwa kwenye sanduku nitakuwa nampendelea nani?” Anold alitoka nje. Alirudi na uji.

Mapema mwezi Juni mwaka huu maradhi yalipanda hadi kwenye mapafu. Alipokea sakramenti ya wagonjwa siku ya Jumanne. Alitamani afike tarehe mosi Julai, siku ya kufungua msimu, awaone wawindaji japo kwa mbali, lakini hakujaliwa. Alifariki nyumbani kwake Naliendele asubuhi ya Alhamisi, tarehe 13 Juni 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Ameletwa hapa Mahurunga ili alale kando ya mama yake, kama alivyotaka na kama ilivyo desturi ya ukoo.

Haya ndiyo maneno yake, kama alivyomtamkia Esta na kumtaka ayarudie mpaka yakae sawa:

“Ndege saba niliowakagua Nambunda walikuwa makinda ya bata wa uso mweupe. Kibali kiliwaruhusu. Mwongozaji aliwajua, akaniambia, nikakataa kumsikia mbele ya watu. Mvua zilichelewa mwaka ule na mimi nikahesabu kama hazikuchelewa. Kosa ni langu. Mlimcheka mtu asiye na kosa, na mlimcheka kwa sababu yangu. Naomba mniachie mimi kicheko hicho, mimi hakiniumizi tena.”

Jana alasiri Esta alimpelekea Anold wasifu huu, akiwa na hofu kwamba atakataa usisomwe. Alikuwa peke yake nyuma ya nyumba. Alisomewa wote, kuanzia mwanzo, na hapo kwenye mihogo aliomba kurudiwa. Mwisho Esta akamuuliza: “Baba mdogo, tuusome au tuliache hilo?” Akasema: “Someni. Lakini waambieni mikia niliinyonyoa mimi. Alikuta vichwa tu. Mtu mwenye vichwa tu angefanya nini? Msimwachie zigo lote peke yake, hajazoea kubeba vitu bila mimi.” Kisha akalia, na Esta hakumzuia.

Kwa hiyo tumesoma, na hilo la mikia tumelisema kama alivyotaka. Ambao mmekuwa mkimwita Miwani hamkujua, na hakuna anayewalaumu. Tunaomba mliache hapa.

Marehemu alikuwa mkali kazini na mwenye mzaha nyumbani. Aliimba sauti ya pili kwaya ya jumuiya, alipika mtama wa nazi vizuri kuliko dada zake, na hakuvumilia mtu kumwita ndege “yule mweusi mweusi” bila kumtaja aina. Tumepungukiwa. Nyumba ya Naliendele ina ukimya ambao hatujui tuufanyeje.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Mtwara na Dar es Salaam, paroko wetu, majirani wa Naliendele, masheikh na wawindaji wa Mikindani, na familia ya mzee Sajjad Valimohamed, ambaye umri umemzuia kusafiri lakini amemtuma Insiya kumwakilisha.

Yustina ameacha dada wawili na kaka mmoja, watoto wake, Fidea na Tadei, wajukuu watano, Esta na watoto wengine wa dada zake, ambao wote aliwalea kama wake, na wakaguzi aliowafundisha, ambao leo wamebeba jeneza lake.

Ameacha pia mume, Anold Chipande, mwongoza wawindaji, aliyesema kweli.

Ee Mungu, mpokee Yustina, umpumzishe kwa amani aliyokuwa akiitafuta.